Sadaka ya Tajiri

Kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hii ni njema, lakini wapo matajiri walioigeuza kisingizio: kwa kuwa kutoa si utajiri, basi utajiri wao haudaiwi kitu. Msomaji, usiikubali hoja hiyo.

Hapo awali mgonjwa wa saratani wa Garissa alisafiri kilometa zipatazo 370 mpaka Nairobi kutafuta tiba ya mionzi. Sasa Hospitali ya Rufaa ya Garissa ina kituo chake cha saratani. Hata hivyo, mionzi hutolewa siku baada ya siku, pengine kwa majuma kadhaa. Mfugaji atokaye Mandera au Wajir atalala wapi, na atakula nini, muda wote huo? Mashine haimpi mtu nauli wala kitanda cha usiku.

Hapo ndipo zamu ya wafanyabiashara ilipo. Mwaka 2011, wakati wa ukame mkali, Safaricom, Benki ya KCB na Msalaba Mwekundu waliwaita Wakenya kuchanga shilingi milioni 500, na lengo hilo likapitwa. Basi uwezo upo. Lakini njaa huonekana pichani; saratani ya umio huua kimya. Atoaye mbele ya kamera tu hununua sifa.

Wengine husema kodi yatosha. Kodi ni deni, na kulipa deni si hisani. Nyumba moja ya wagonjwa karibu na hospitali, ikitunzwa kila mwaka, yapita hundi kumi za siku moja. Nanyi mtakaofungua maduka kesho, ianzeni hesabu hiyo leo.