Skrini zikizidi, nani kashika usukani?

Ndugu zangu, kila nikisikia mtu wa nyumbani akisifia meli ya doria kwa wingi wa kompyuta zake, nakumbuka USS John S. McCain. Alfajiri ya 21 Agosti 2017, karibu na Singapore, manowari hiyo ya Marekani iligongana na meli ya mafuta, Alnic MC. Mabaharia 10 wakafa. Uchunguzi wa NTSB, hapa hapa Washington, ulionyesha usukani haukuharibika: ulihamishwa kwenye skrini ya kugusa kwenda kituo kingine, wenyewe wasijue. Baadhi ya waliokuwa zamu walitoka meli nyingine, mfumo ule hawakuufundishwa vya kutosha. Mwaka 2019 wanamaji wakatangaza kurudisha vishikio vya mkono.

Mimi ni nesi tu, naishi Silver Spring. Ila nimewahi kuletewa pampu mpya za dripu usiku, mafunzo yenyewe karatasi moja. Kengele inalia, mgonjwa ananitazama, mimi natafuta kitufe!

Waheshimiwa wabunge, wa Nairobi na wa Dodoma, bajeti ya meli ikija msiulize bei ya rada peke yake. Ulizeni vijana wa Mtongwe na Kigamboni watafundishwa miezi mingapi, na mkataba ukiisha programu ataitengeneza nani.

Nawasilisha.