Kiswahili na Breki za Sekenke

Wako watu, na baadhi yao ni wenzangu katika kazi ya kufundisha, wasemao kuwa Kiswahili ni lugha ya mashairi na siasa, lakini kifikapo penye chuma na mafuta huishiwa pumzi. Nayakanusha madai haya, na shahidi wangu simtoi chuoni. Namtoa gerejini, mjini Singida.

Nilimkuta fundi mmoja akitengeneza motokaa ndogo ya mbio ya Kiingereza, MGB, ya aina iliyoanza kuundwa Abingdon mwaka 1962. Pedeli ya breki ilikuwa ikizama hadi sakafuni. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye alikuwa akijifunza kazi hapo, aliulizwa sababu. Akanyamaza. Nilipomwuliza habari za Pascal, aliitamka kanuni yake kwa Kiingereza pasipo kukosea hata neno moja. Kanuni aliijua na breki aliiona, wala hakudhani kuwa ni kitu kimoja.

Fundi akamweleza kwa Kiswahili. Mafuta, alisema, hayabonyei, upepo hubonyea. Mguu ukisukuma mafuta, mafuta husukuma breki. Mguu ukisukuma upepo, upepo hujikunja na breki hulala. Basi lazima upepo utolewe gurudumu baada ya gurudumu, mmoja akikanyaga na mwingine akifungua parafujo, mpaka mafuta yatoke bila povu. Hesabu yake pia ni nyepesi: nguvu ya kilo 50 juu ya pistoni ya sentimita moja ya mraba huwa kilo 200 juu ya pistoni ya sentimita nne. Kijana alicheka kwa furaha, kama mtu aliyekutana na ndugu yake safarini.

Lakini sitamsifu fundi kupita haki yake. Mipira ya silinda aliiosha kwa petroli. Mpira wa asili uliotumiwa katika breki nyingi za magari ya zamani hufura uguswapo na petroli au mafuta ya injini. Ukifura huweza kuziba kitundu cha kurudishia mafuta, na breki zikashika zisiachie. Watengenezaji wa kwanza walitumia mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na alkoholi kwa sababu hayakuudhuru mpira huo. Onyo hili huandikwa vitabuni, na vitabu hivyo ni vya Kiingereza. Kijana alikuwa na maneno pasipo kitu. Fundi alikuwa na kitu pasipo maneno. Nani aliyewatenga hawa wawili? Sisi.

Wala si jambo dogo. Atokaye Singida kwenda Nzega huteremka mlima wa Sekenke, huko Iramba, kabla ya kufika Shelui. Mteremko huo haujali cheti cha mtu. Mafuta ya breki ya kawaida hunywa maji kutoka hewani. Yale ya daraja la tatu, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya digrii 205. Yakisha kunywa maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Dereva akikanyaga breki mfululizo mlimani, joto hupanda, mafuta huchemka, mvuke huingia mahali pa mafuta, na mvuke, kama upepo, hubonyea. Katika MGB za mwanzo njia ya mafuta ilikuwa moja kwa magurudumu yote manne. Ikipasuka mahali pamoja, breki ya mguu imekwisha. Mtu asiyeelezwa haya kwa lugha anayoielewa ameachwa mlimani peke yake.

Watanijibu kuwa breki, silinda na pistoni ni maneno ya kigeni. Na meza je, iliyotoka kwa Wareno? Na kitabu kwa Waarabu, shule kwa Wajerumani, gari kwa Wahindi? Lugha haifi kwa kukopa. Hufa kwa kukosa kazi. Wataalamu wetu wametupa neno kanieneo, nalo ni neno zuri. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Lakini gerejini bado wanasema presha, na kanieneo limelala rafuni. Kosa si la neno wala la fundi. Kosa ni la msomi aliyeunda neno kisha asilipeleke kwa mwenye kulitumia, na asiyeinama kuokota lile ambalo fundi amekwisha liunda. “Kutoa upepo” ni istilahi kamili: fupi, wazi, na imejaribiwa kila siku na watu ambao kosa lao huua.

Basi nataka mambo mawili. Kwanza, kanuni ya Pascal ifundishwe kwa Kiswahili, na breki iwekwe mezani mbele ya wanafunzi. Pili, sisi wa vyuo vikuu twende gerejini na daftari, tuandike pamoja na mafundi kitabu cha breki ambacho kitamwambia msomaji, kwa Kiswahili kisicho na kigugumizi, asioshe mpira kwa petroli. Mwenye kuona kuwa kazi hiyo ni duni kwa mtu wa shahada, na apande gari la mizigo ateremke nalo Sekenke. Huko atajua ni ujuzi gani ulio duni.