Haki ya Njia

Wasafiri wengi warudipo kwao husimulia majumba. Huyu atakwambia ameona ghorofa arubaini, na yule atakwambia kuwa barabara alizozipita zilikuwa pana mfano wa kiwanja cha kabumbu. Mimi nami, kwa kazi yangu hii ya kalamu, nimejaaliwa kuiona miji kadhaa, ya karibu na ya mbali, na kila niingiapo mji mgeni sishughuliki sana na urefu wa nyumba zake. Natazama watu wake huketi wapi jua linapopungua ukali, na mpita njia akiwatolea salamu huitikiwa vipi.

Kipimo hiki sikukibuni mimi. Sisi tuliopita chuoni tukiwa wadogo tulisomeshwa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwahi kuwatahadharisha masahaba wake na kukaa njiani. Wao wakamweleza kuwa hawana budi, kwani hapo ndipo wanapokutana wakazungumza. Basi akawaelekeza kwamba, maadamu hawana budi, waipe njia haki yake. Na haki hiyo akawabainishia: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitika salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Lizingatie jambo hili, ewe msomaji. Njia ina haki kama jirani alivyo na haki, na mji unaoidhulumu njia huwadhulumu wote wapitao juu yake.

Tuanze nyumbani. Waashi wetu wa zamani walilijua jambo hili vyema. Huko Lamu, kabla hujaufikia mlango wa nyumba ya mawe, huingia kwanza katika daka, yaani ukumbi mdogo wa nje wenye viti vya mawe huku na huku. Daka ni mali ya mwenye nyumba, lakini mzee aliyechoka au mpita njia aliyekutwa na mvua huketi hapo bila ya kupiga hodi. Mwenye nyumba naye huweza kuzungumza na wageni wake hapo, na sitara ya watu wa ndani isivunjike. Mji huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mnamo mwaka 2001, na wageni humiminika kuipiga picha milango yake ya nakshi. Aghalabu huviruka vile viti vya mawe vilivyo mbele ya milango hiyo, ilhali kwangu mimi ndivyo vinavyoeleza zaidi tabia ya waliovijenga.

Mombasa nako, katika Mji wa Kale, saa ya baraza ni baina ya Alasiri na Magharibi. Muuza kahawa hupita na dele lake, makaa yakiwaka chini yake, akigonganisha vikombe mkononi hata ukamjua kwa mlio kabla ya kumuona. Atakayepita ataambiwa, "Ami, karibu, kaa kitako," na kama hana kitu mfukoni, mwenziwe atamlipia kikombe chake bila ya neno. Hapo mvuvi hukaa ubavuni mwa wakili, na mpakizi wa bandarini hubishana na mwalimu wa madrasa. Msione kuwa ni porojo tupu. Maiti akitangazwa msikitini baada ya Alfajiri, mara nyingi ni watu wa barazani ndio watakaojua nani aende makaburini, nani akanunue sanda, na nani hana nauli ya kuwaleta jamaa zake kutoka Malindi. Hakuna ofisi yoyote iliyoandikisha kazi hiyo, na hakuna mshahara unaolipwa.

Ukivuka maji hadi Unguja, katika Mji Mkongwe, utakuta kona moja waiitayo Jaws Corner, jina lililotokana na ile filamu ya papa iliyotoka Marekani mnamo 1975. Vichochoro kadhaa hukutana hapo, na watu wakakutana pamoja navyo. Kahawa hupikwa papo hapo, dhumna hupigwa mezani kwa kishindo, na siasa huchambuliwa bila ya kumuonea haya mkubwa. Nilipopita hapo mara ya kwanza, mzee mmoja nisiyemjua alinisogezea nafasi na kuniuliza habari za Mombasa kana kwamba nimetoka nyumba ya pili. Jioni ikiingia, watu huhamia Forodhani. Vijana hujirusha baharini kutoka ukutani, urojo na maji ya miwa huuzwa, na kina mama hukaa na watoto wao kupunga upepo kwa amani.

Hilo la kina mama lina uzito wake. Baraza zetu, kwa desturi, zimekuwa za wanaume, na mwanamke apitapo mbele yake huongeza mwendo. Ndiyo sababu naiheshimu sana ile pwani ya Mombasa tuiitayo Laitihausi, katika barabara ya Mama Ngina, iliyotengenezwa upya mnamo 2019. Familia nzima huenda huko ikala mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, viazi vya karai na madafu, huku meli zikipita mlangoni mwa Kilindini. Bibi aliyeshinda jikoni mchana kutwa hupata pale saa moja ya upepo, na hakuna amuulizaye amefuata nini.

Sasa njooni Nairobi. Huo ni mji wa wenda mbio. Mtu akisimama njiani kwa dakika tano, wako watakaomdhania mwizi, na wako watakaomdhania ameibiwa. Siku moja miguu iliniuma nikaketi juu ya vidato vya jengo kubwa ambalo sina haja ya kulitaja. Kabla sijapumua, mlinzi alinijia. "Mzee, hapa hakuna kukaa. Songa mbele." Sikumlaumu, kwani ndiyo kazi aliyoajiriwa. Nilimuuliza tu mtu wa umri wangu akichoka katika mtaa ule hukaa wapi. Akafikiri kidogo, kisha akanionyesha hoteli iliyo ng'ambo ya barabara, ambako kukaa kwenyewe ni kununua chai.

Hata hivyo tusiuonee mji huo, kwani nao una watu walioupigania. Ile bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa wananchi mnamo 1906 na tajiri A. M. Jeevanjee, ilitaka kuchukuliwa mnamo 1991 ili pajengwe majengo na maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama pamoja na wenziwe wakapinga, na bustani ikasalimika. Miaka miwili kabla yake, mnamo 1989, marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa amepinga mnara wa ghorofa 60 uliokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru. Alitukanwa sana, lakini mnara haukujengwa. Wale wanaobishana mambo ya nchi chini ya miti ya Jeevanjee, na wajiitao Bunge la Mwananchi, wanakaa juu ya nyasi zilizonunuliwa kwa taabu za watu.

Tutoke sasa nchini, tuwatazame ndugu zetu wa mbali. Mjini Cairo, kahawa ni jina la kinywaji na vilevile ni jina la mahali pa kukinywea, kama nasi tulivyolitoa neno mkahawa katika kahawa. Viti hutolewa nje hata vikaizidi njia, chai huletwa katika bilauri ndogo, na kete za tawla husikika hadi usiku wa manane. Naguib Mahfouz, aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mnamo 1988, alikuwa mtu wa mikahawa hiyo, na mitaa ile imejaa tele katika hadithi zake. Lakini jambo la Cairo lililonigusa zaidi ni meza za Ramadhani. Wenye uwezo huandika meza ndefu barabarani, zikaitwa meza za Mwingi wa Rehema, na yeyote apitaye wakati wa futari hukaa akala. Haulizwi jina wala kabila, wala haulizwi kwa nini hana chakula kwake. Hapo niliona haki ya njia ikitimizwa kwa sahani.

Muscat ni mji wa namna nyingine. Joto la kiangazi huwafukuza watu njiani mchana, na mitaa huonekana kama iliyohamwa. Ila wenyewe wana sabla, ukumbi wa kukutania ambao watu wa mtaa au wa ukoo hujengeana, na humo ndimo wanapopokea mgeni, wanapopeana tanzia na wanaposuluhisha ugomvi. Tende au halua hutangulia, kahawa hufuata, nawe ukitosheka hukitikisa kifinjani kidogo ili mtiaji asikuongeze. Ukitembea jioni ufukweni kule Mutrah huenda ukashtuka kusikia Kiswahili nyuma yako, kwani wengi waliotoka Unguja walihamia huko, hasa baada ya 1970 Sultani Qaboos alipoingia madarakani. Nilikaa na wazee wawili wa namna hiyo. Hawakuyataja mashamba ya karafuu wala nyumba walizoziacha. Walichokitamani ni baraza, yaani kukaa nje ya mlango na kumuona kila apitaye.

Inafaa tukumbuke kwamba mabaraza na mikahawa imekuwa na maadui tangu zamani. Mnamo mwaka 1511 mkuu wa mji wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku kahawa, na marufuku hiyo haikudumu. Mnamo 1633 Sultani Murad wa Nne aliifunga mikahawa ya Istanbul kwa adhabu kali, na baada yake ikafunguliwa tena. Wakubwa hao walisema kinywaji kina madhara, lakini lililowatia hofu zaidi ni watu kukusanyika na kusemezana.

Siku hizi hapa petu hakuna sultani anayetufungia baraza. Tunazifunga wenyewe. Nyumba ya zamani huvunjwa, pakasimamishwa ghorofa sita zinazokula kiwanja chote hadi ukingo wa njia. Kile kibaraza kilichobaki hutiwa nondo kikakodishwa kuwa duka la simu, na panapobaki upenyo huegeshwa gari au tuktuk. Mzee aliyekuwa akikaa hapo hupandishwa ghorofa ya nne, ngazi zikamshinda, akawa mfungwa asiye na kosa. Majirani wa jengo moja huishi miaka mitatu bila ya kujuana majina, na mmoja wao akifa, wengine hupata habari kwa kuliona jeneza.

Wako wasemao kwamba afadhali ziondoke, kwani zimekuwa makao ya wavivu, wasengenyaji na walaji wa muguka. Hoja hii siipuuzi, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Nimewaona vijana walioshinda barazani tangu asubuhi, mashavu yamejaa, macho mekundu, na binti wa watu hawezi kupita bila ya kutupiwa maneno. Mnamo Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa iliipiga marufuku muguka, kisha mahakama ikalisimamisha agizo hilo, na mabishano yake yakaletwa papo hapo barazani.

Lakini na turudi katika mafundisho yetu. Masahaba waliposema hawana budi na kukaa, hawakufukuzwa njiani. Walipewa masharti. Kijana anayemtupia maneno mwanamke ameyavunja masharti mawili kwa mpigo mmoja, la macho na la maudhi, na anayestahiki kumkanya ni mzee aliyekaa ubavuni mwake. Mzee huyo tukimuondoa barazani, kijana hataondoka. Atabaki pale pale, ila bila ya mtu wa kumuamrisha mema.

Kwa hiyo nina maneno matatu ya kuwaambia wenzangu. Wewe unayejenga nyumba ya kupangisha, toa dhiraa mbili tu za kiwanja chako, uweke kiti cha mawe penye kivuli. Kodi utakayoikosa ni ndogo, na dua utakazozipata ni nyingi. Nanyi wakuu wa kaunti zetu za Pwani, mnapoletewa ramani za majengo mapya mitaani, ulizeni watu wataketi wapi, kina mama na wazee wakiwa wa mwanzo, kama mnavyouliza magari yatawekwa wapi. Na sisi tunaokaa, tuinamishe macho, tuzuie ndimi zetu, na kila atoaye salamu aitikiwe, awe ni wa mtaani au mgeni aliyeshuka basi sasa hivi kutoka bara.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitimiza haki hiyo, amin.