Korona Ilifunga Shule, Damu Ikaadimika

Wasee, tukisema "kutoa msaada" wengi wetu tunawaza M-Pesa. Unaona picha ya mgonjwa kwa grupu, namba ya Paybill iko chini, unatuma soo mbili, unaendelea na maisha. Kwa hivyo mtu akiuliza korona ilifanyia nini michango ya mambo mengine, tunaanza kuhesabu pesa. Mimi nataka tuongee kuhusu damu, juu hapo ndipo shida ilionekana wazi.

Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya damu ya kujitolea Kenya imetoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Watu wa damu wanakuja na vitanda vyao, foleni inapangwa kwa holi, unatoa painti moja, unapewa soda na biskuti, unarudi darasani ukijiskia shujaa. Ukiwa na miaka 16 na kilo 50, na uko na afya, umefuzu. Mpango poa, lakini umesimama kwa mguu mmoja.

Machi 13, 2020 kisa cha kwanza kikatangazwa. Siku mbili baadaye, Uhuru akafunga shule. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Fomu 4 walirudi Oktoba, wengine Januari 2021. Sasa, seli nyekundu za damu hukaa kwa friji kama siku 42 hivi. Chembe za kugandisha damu, siku tano tu. Hesabu mwenyewe: damu ya Februari haiwezi kukufikisha Oktoba. Makanisa nayo yalikuwa yamefungwa, na yalipofunguliwa Julai ilikuwa watu 100, saa moja, basi. Na tusisahau kwamba hata kabla ya korona huduma ya damu ilikuwa inayumba, kwa sababu 2019 ufadhili wa Marekani kupitia PEPFAR, uliokuwa umeibeba kwa miaka, ulikatika.

Mama anayevuja damu akijifungua hangojei korona iishe. Mtoto ambaye malaria imemmaliza damu, pia. Hapa Eldoret tuko na MTRH, na tuko na Shoe4Africa, hospitali ya watoto iliyofunguliwa 2015. Watoto wa saratani wanaishi kwa damu ya watu wasiowajua. Na sisi tulikuwa kwa runinga tukingoja Kagwe ataje visa vya leo.

Najua kuna mtu atasema dharura ni dharura, maji yaende penye moto. Nakubali kabisa. Ule mfuko wa COVID-19 ulioongozwa na Jane Karuku ulikuwa na kazi ya maana. Lakini angalia kitu kimoja: Machi hiyo hiyo, Safaricom waliondoa ada ya kutuma pesa hadi Sh1,000, ikakaa hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Yaani pesa ilipata barabara ya lami. Damu haikupata. Huwezi kutuma painti kwa simu.

Ndiyo maana hii story ya "Wakenya walichoka kutoa" siikubali. Wengi walipoteza kazi, sawa, na ile skendo ya KEMSA ya Agosti ilifanya watu wakunje mkono. Lakini aliyenyimwa kazi bado ana damu. Kilichokufa ni ule msaada unaohitaji watu wakutane na mtu aje awaulize. Wanafunzi hawakukataa. Hakuna aliyewauliza, na watu wazima hawajawahi kuzoea. Ukimaliza Fomu 4, umemaliza na kutoa damu pia. Hiyo ndiyo inaniudhi, kusema kweli: tumeachia watoto wa uniform kazi ya nchi nzima.

Mpox ilipoingia Julai 2024 shule hazikufungwa, tukapona hapo. Siku nyingine huenda tusipone.

Na si lazima tungoje Nairobi. Kituo cha damu cha kanda kiko hapa hapa Eldoret. Mwanaume anaweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila minne, mpaka miaka 65. Chukua steji moja ya boda hapa Kimumu, wasee kumi na wawili walio na afya, wapangiane zamu. Hizo ni painti 48 kwa mwaka, shule zikiwa wazi au zimefungwa.