Mizani ya Rangi

Wako wenzetu, walimu miongoni mwao, wasemao kuwa siasa ya ukuu wa weupe ni balaa la Marekani na Ku Klux Klan yake, nasi wa Mbulu na Hanang hatukupata kuionja. Twawapinga. Ya kwetu haikuvaa barakoa. Ilivaa tai, ikajiita siasa ya mseto.

Mwaka 1955 viti 30 vya Baraza la Kutunga Sheria visivyo vya serikali viligawanywa: 10 vya Wazungu, 10 vya Waasia, 10 vya Waafrika. Wazungu walikuwa 20,000 hivi. Waafrika walizidi milioni 8. Usawa gani huo! Mwaka 1956 chama cha UTP kikaundwa kuulinda, Gavana Twining akikibariki. Mpiga kura naye akatakiwa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo. Masetla wa kahawa wa Oldeani, wilayani Mbulu siku zile, walikuwa nazo. Mchungaji wa Hanang angezitoa wapi? Na aliyeruhusiwa alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi.

Januari 1958, mkutanoni Tabora, TANU iliimeza shubiri hiyo ya kura tatu, kisha ikaunga mkono wagombea wa rangi zote. UTP haikuambulia hata kiti kimoja.