Giaboksi ya kuazima yaweza kupofusha kidhibiti mwendo

MAFUNDI wa Grogan jijini Nairobi wana sifa ya kufufua magari. Nissan kuukuu ya abiria ikiharibika giaboksi, na ya asili iwe adimu, huenda ikafungwa ya Toyota na kurejea barabarani.

Kazi yenyewe si haba. Bamba la chuma huchongwa kuunganisha injini na giaboksi, klachi hutafutwa inayoshika meno ya shafti ngeni, na propela hukatwa au kurefushwa. Hayo huonekana kwa macho.

Lisiloonekana ni hesabu. Katika magari ya umri huo, kebo ya kipima mwendo huzungushwa na gia ndogo iliyo ndani ya giaboksi. Meno yakitofautiana, kipimo hudanganya. Kikipunguza kwa asilimia 10, dereva asomaye kilomita 80 kwa saa huwa anakimbia karibu 89. Kidhibiti mwendo kinachotegemea kebo hiyo hudanganyika vilevile. Kifaa kilicholazimishwa na kanuni za marehemu John Michuki, waziri wa uchukuzi, mwaka wa 2004, husalia na muhuri wake, ila kipofu.

Mkaguzi atazamaye muhuri pekee hatagundua. Giaboksi ikibadilishwa, gari lapasa kupimwa upya magurudumu yakizunguka, kwa gharama ya mwenyewe, kabla halijabeba abiria.