Kikerewe Katika Kamusi Elezo: Tuandike Nini, na kwa Ushahidi Gani?

Mjadala huu umetokana na karatasi alizotuletea ofisini, jijini Mwanza, mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Ukerewe. Alikuwa amechapa kutoka mtandaoni makala mawili ya Wikipedia. Ya kwanza, ya Kiingereza, yalihusu Kiwelisi na yalijaza kurasa nyingi. Ya pili, ya Kiswahili, yalihusu Kikerewe na hayakufika nusu ukurasa. Akauliza, "Mwalimu, lugha yetu ndiyo imeishia hapa?" Siku ile hatukumpa jibu la kuridhisha. Tunajaribu kumjibu hapa, tukiamini kwamba swali lake linatuhusu sisi wanaisimu kuliko linavyowahusu wahariri wa kamusi hiyo, ambao hujitolea bila ujira.

Yafaa kwanza tuseme kwamba makala yale mafupi hayakuwa ya uongo. Yalieleza kuwa Kikerewe ni lugha ya Kibantu nchini Tanzania, yakataja wasemaji wake na kundi lake katika uainishaji wa Malcolm Guthrie. Tatizo ni kwamba ukibadilisha jina la lugha na tarakimu zake, maelezo hayohayo yatafaa Kizinza, Kijita na lugha nyingine nyingi. Msimbo wa E24 ni anwani tu. Guthrie alipotoa uainishaji wake mwaka 1948 alizipanga lugha kwa kanda zilizofuata sana jiografia, na wataalamu waliomfuata wakaiweka lugha hiyohiyo katika ukanda wa J, ikawa JE24. Mtaalamu wa Kibantu atanufaika na habari hiyo. Msomaji wa Nansio au wa Bukoba hatapata kitu.

Msomaji huyo angenufaika zaidi kama angeambiwa kwamba Mkerewe husema omuntu na abantu pale Mswahili anaposema mtu na watu, na kwamba irabu ile inayotangulia ngeli ina kazi yake katika sarufi. Angeelezwa pia kwamba Kikerewe ni ndugu wa karibu wa Kizinza na Kihaya, lugha za upande wa magharibi wa ziwa, kuliko Kisukuma anachokisikia kila akishuka melini Mwanza. Kisukuma kina irabu saba, Kikerewe kina tano. Katika Kikerewe urefu wa irabu hutofautisha maana, na toni zake zimewashughulisha wanafonolojia kwa miaka mingi. Haya ndiyo yanayoifanya lugha iwe hiyo na si nyingine.

Sasa tuingie katika suala la idadi, ambalo kwa maoni yetu ndilo linalopotosha kuliko mengine yote. Huko Wales sensa imekuwa ikiuliza juu ya Kiwelisi tangu mwaka 1891. Kwa hiyo mwandishi wa makala anaweza kusema kwa uhakika kwamba mwaka 2021 wasemaji walikuwa takriban 538,000, yaani asilimia 17.8 ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, na anaweza kulinganisha kiwango hicho na cha miaka iliyopita. Sisi hatuna kitu kama hicho. Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967, nayo haikuuliza mtu huzungumza lugha gani. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zilinyamaza juu ya jambo hili. Sababu za ukimya huo zinaeleweka, na hatuna nia ya kuzibeza: taifa lilikuwa likijengwa. Lakini matokeo yake ni kwamba tarakimu inayorudiwarudiwa kuhusu Kikerewe, watu 100,000 kwa mwaka 1987, ni makadirio tu. Ikichapwa peke yake, bila neno hilo, msomaji huidhania kuwa hesabu. Tena idadi ya Wakerewe si idadi ya wasemaji wa Kikerewe. Visiwa vile vina Wajita na Wakara pia, na nyumba moja yaweza kuwa na lugha tatu kabla hujakihesabu Kiswahili. Makala bora yangekiri hivyo waziwazi, na kumweleza msomaji kwa nini hesabu haipo.

Hapa hapana budi tukiri kosa letu wenyewe. Tulipoandika rasimu ya kwanza ya kurekebisha makala yale, tuliweka sentensi isemayo kwamba watoto wa Nansio huwajibu bibi na babu zao kwa Kiswahili hata wanaposemeshwa kwa Kikerewe. Mwanafunzi akatuuliza chanzo. Chanzo kilikuwa masikio yetu, katika safari chache za meli na mazungumzo ya sokoni. Tukaifuta. Kanuni ya kamusi elezo inataka kila dai liwe na chanzo kilichochapishwa, nayo ni kanuni njema, kwani bila hiyo kila mtu angeandika sifa za kijiji chake. Hata hivyo, kanuni hiyo huielemea zaidi lugha ambayo maarifa yake mengi hayajachapwa, au yamechapwa katika lugha ambazo wenyewe hawazisomi. Sarufi ya Kikerewe ya Eugène Hurel ya mwaka 1909 iko katika Kifaransa. Maandishi ya David Odden kuhusu fonolojia yake yako katika Kiingereza. Kwa Kiswahili tunayo Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009, nayo kazi yake ni ramani na idadi, si maelezo ya sarufi. Wakati huohuo, tasnifu za wanafunzi wetu zinakaa makabatini. Kwa hilo hatuwezi kumlaumu mhariri yeyote.

Lipo jambo moja ambalo kuachwa kwake hatuoni udhuru. Mtu hawezi kuandika juu ya Kiwelisi asitaje Biblia ya William Morgan ya mwaka 1588. Vivyo hivyo, makala ya Kikerewe yasiyomtaja Aniceti Kitereza hayajakamilika. Kitereza alimaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokifasiri mwenyewe, naye akafariki mwaka 1981. Wasomaji wetu wengi, na hata walimu wa fasihi, huihesabu kuwa riwaya ya Kiswahili, basi. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya kutoka Kikerewe. Lugha iliyozaa kazi ya ukubwa ule haielezwi kwa msimbo na tarakimu.

Wako wenzetu wanaohofia kwamba shughuli hii itaamsha ukabila. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilikwisha kulijibu hilo ilipozihesabu lugha za jamii kuwa hazina ya taifa. Wengine hupendekeza tufasiri tu makala ya Kiingereza. Hilo hatuliafiki: msomaji wa Kiingereza huhitaji kuelezwa ngeli ni nini, ilhali wa Kiswahili anazo kinywani mwake, na maelezo yake yaanzie hapo.

Mwanafunzi yule ameandika rasimu mpya. Ameanza na omuntu na abantu, akafuata na Kitereza, na msimbo wa Guthrie ameupeleka chini. Kwenye idadi ameandika "makadirio" na kueleza habari ya sensa. Sehemu ya matumizi ya lugha nyumbani ameiacha wazi. Tumemshauri afanye utafiti huo mwenyewe kwa ajili ya tasnifu yake, na jarida hili liuchapishe.